Picha 2,400 za harusi: utatuzi wa matatizo ya kuhariri RAW kwa mafungu

Tuchukue kazi ambayo wapiga picha wengi wanaijua: harusi ya Jumamosi, kamera mbili, picha 2,400 za RAW (data ghafi ya kamera), na maharusi wanaanza kuulizia picha zao Jumatatu asubuhi. Ukihariri moja moja kwa dakika mbili tu, hizo ni saa 80. Hakuna namna, lazima uhariri kwa mafungu. Matatizo mengi yaliyo hapa chini yanaanzia kwenye kosa moja: kuichukulia folda nzima kuwa fungu moja. Fungu ni picha zilizopigwa kwenye mwanga mmoja kwa kamera moja. Saluni yenye dirisha ni fungu. Kanisani au msikitini ni fungu. Picha za nje saa kumi na moja jioni ni fungu lake. Ukumbini peke yake kunaweza kuzaa mafungu matano, maana taa za jukwaani, meza kuu na lango la kuingilia hazifanani hata kidogo.

Maelezo yanafuata programu ya Lightroom Classic kwenye Windows, na majina ya vitufe yameachwa kama yanavyosomeka kwenye skrini. Mwenye Mac aweke Cmd mahali pa Ctrl na Option mahali pa Alt. Anayetumia programu ya darktable ana aya yake karibu na mwisho.

Picha inafunguka ikiwa nzuri, sekunde moja baadaye inapooza

Unachokiona mwanzo ni JPEG ambayo kamera huipachika ndani ya faili la RAW. Lightroom ikishasoma data yenyewe, inaiweka kando hiyo JPEG na kuonyesha tafsiri yake, kwa kawaida kwa profaili ya Adobe Color. Faili lako ni zima. Kama unapenda kuanzia kwenye rangi za kamera, kabla ya kuingiza picha nenda Preferences, kichupo cha Presets, na kwenye Raw Defaults chagua Camera Settings. Kwa picha zilizokwisha kuingia, badili Profile ya picha moja iwe Camera Standard, kisha sinki (nakili kwa mkupuo) Profile peke yake kwa zilizobaki.

Ikiwa picha haikupooza tu bali imeingia giza, angalia kama Nikon yako ilikuwa na Active D-Lighting. Kipengele hicho huipunguzia picha mwanga wakati wa kupiga ili weupe wa shela usiungue, halafu kamera huinua vivuli kwenye JPEG yake yenyewe. Kwenye RAW mwanga uliopunguzwa unabaki umepunguzwa, na mara nyingi vivuli havijainuliwa. Ongeza Exposure kati ya +0.30 na +0.70 kwa fungu zima, na kazi ijayo kizime.

Nimesinki kila kitu, bado kila picha ina rangi yake

Hili ndilo linalowatoa watu jasho kuliko yote, na chanzo chake ni maneno mawili madogo: As Shot. Fungua picha uliyoifanya chanzo, tazama palipoandikwa WB (urari wa weupe) juu ya slaida za Temp na Tint. Kama panasomeka As Shot, ulichonakili si namba, ni agizo: kila picha ifuate urari wa weupe uliopimwa na kamera wakati ule. Kamera ilikuwa kwenye Auto, kwa hiyo picha ya kwanza ilipimwa 4,850, inayofuata ikapimwa 5,300 kwa sababu shangazi mwenye kitenge cha njano aliingia kwenye fremu, na baada ya kusinki kila moja imebaki na yake.

Tiba yake: sogeza Temp ya picha chanzo hata kwa 50 tu. As Shot itageuka Custom, na sasa kuna namba ya kunakili. Vizuri zaidi, bonyeza W upate kidonyezi cha kupimia weupe, ukiguse kwenye kitu cha kijivu halisi. Shela isikudanganye. Nyingi zina rangi ya maziwa, na ukiitumia kama kipimo cha weupe, programu itaiondoa ile njano kidogo na ngozi za watu wote zitaingia ubluu. Ukimaliza, chagua picha za fungu hilo, bonyeza Ctrl+Shift+S, tiki White Balance, na sinki.

Kama WB ilikuwa Custom na bado rangi hazikubali, kagua mambo matatu. La kwanza, picha gani ilikuwa chanzo? Katika picha ulizochagua, moja ina fremu nyeupe zaidi kuliko nyingine, na hiyo ndiyo inayotoa mipangilio. Ukibofya juu ya picha nyingine iliyo ndani ya uchaguzi, chanzo kinahama bila wewe kushtuka. La pili, je, kwenye dirisha la Sync uliacha tiki ya Auto Settings? Hiyo nayo hunakili agizo la "jipime mwenyewe" badala ya thamani zilizokwisha kupimwa, hivyo kila picha hupata Exposure yake. Itoe. La tatu, je, kuna JPEG zimechanganyika na RAW? Kwenye RAW, Temp ni nyuzi za Kelvin. Kwenye JPEG ni kipimo cha kutoka -100 hadi +100. Mipangilio ya rangi haivuki vizuri kati ya hizo mbili, kwa hiyo zitenge kwa kichujio cha File Type.

Mwangaza unapanda na kushuka ndani ya fungu moja

Kamera iliyoachwa ipime yenyewe huona shela kubwa nyeupe ikapunguza mwanga, kisha huona suti nyeusi ya bwana harusi ikaongeza. Ukiwanakilia wote Exposure +0.40, ile tofauti haiondoki, inapanda nayo.

Chagua picha iliyokaa sawa iwe chanzo, ongeza nyingine za fungu hilo, kisha kwenye moduli ya Develop fungua menyu ya Settings, chagua Match Total Exposures, au bonyeza Ctrl+Alt+Shift+M. Programu inasoma shata, tundu la lenzi na ISO za kila faili, na kufidia tofauti. Kama chanzo kilipigwa 1/125, f/2.8, ISO 1600, na jirani yake alipigwa 1/250 kwa namba nyingine zilezile, jirani atapewa hatua nzima zaidi, yaani +1.00. Ni kifaa kizuri mno, na inasikitisha kuona wengi hawajui kipo.

Kinashindwa pale palipotumika flashi. Nguvu ya flashi haimo kwenye hesabu hiyo, kwa hiyo picha mbili zenye namba sawa zinaweza kuwa moja imemulikwa vizuri na nyingine flashi haikuwahi kuchaji. Hapo hamia Library, fungua Quick Develop. Tofauti yake na slaida za Develop ni kubwa: slaida huwapa wote thamani ileile, lakini mishale ya Quick Develop huongeza au kupunguza kutoka pale kila picha ilipo. Mshale mmoja ni theluthi ya hatua, mishale miwili ni hatua nzima. Chagua zile zilizo nyuma kidogo, bonyeza mshale mara moja au mbili, na kazi uliyokwisha kuifanya kwenye kila picha haivurugiki.

Ngozi imekuwa ya majivu baada ya kuweka priseti

Priseti (mipangilio iliyohifadhiwa tayari) nyingi zinazouzwa mtandaoni zimetengenezwa kwa kutazama ngozi nyeupe. Zinashusha Saturation ya Orange kwenye kidirisha cha rangi ili kuondoa wekundu wa uso, na kuinua vivuli ili picha ionekane laini. Ngozi nyeusi imejengwa kwa rangi hiyohiyo ya chungwa na nyekundu iliyokolea. Ukiondoa chungwa na kunyanyua weusi, kinachobaki ni kijivu, kana kwamba mtu amepakwa vumbi.

Rudisha Saturation ya Orange karibu na sifuri, na Red pia. Inua Luminance ya Orange kidogo, +5 hadi +15, badala ya kuinua Shadows ya picha nzima. Kisha tazama Tone Curve: kama ncha ya chini kushoto imenyanyuliwa, ishushe hadi weusi wa nywele uwe mweusi kweli. Pima kwenye shavu lenye mwanga wa pembeni. Pale mng'ao unapokutana na kivuli lazima uone kahawia yenye joto. Ukiona utando wa kijivu, bado.

Halafu hifadhi priseti yako upya. Kwenye dirisha la kuhifadhi, toa tiki za Exposure, White Balance na Masking. Priseti inayobeba Exposure ya harusi iliyopita ndiyo inayotia giza harusi ya leo.

Ukumbini: mistari ya mlalo, na rangi inabadilika fremu kwa fremu

Hapa programu haina kosa. Umeme wa Tanzania na Kenya ni wa herzi 50, na taa nyingi za ukumbini hupepesa mara 100 kwa sekunde. Shata ya 1/250 inakamata kipande tu cha pepeso: fremu moja ina kilele, inayofuata ina bonde, na bonde la LED za bei ndogo mara nyingi lina rangi tofauti na kilele chake. Ukitumia shata ya kielektroniki, vilele na mabonde huonekana vyote katika picha moja kama mistari.

Usipoteze saa nzima kusinki fungu la namna hii. Ligawe kwa jicho: zenye njano upande huu, zenye kijani upande ule, kila kikundi na WB yake. Zenye mistari mikali chagua chache za lazima, uzifanyie maski ya Linear Gradient kwa mkono, nyingine zitupe. Kazi ijayo, tumia shata ya mekanika kwa 1/100 au 1/50, au washa kizuia-kupepesa kama kamera inacho.

Taa za jukwaani za bluu na zambarau ni ugonjwa mwingine. Chaneli ya bluu imejaa hadi juu na sura imekuwa bapa. Badili profaili iwe Adobe Neutral, shusha Saturation ya Blue na Purple hadi -40 hivi, punguza Exposure kidogo. Kama macho na pua bado havina umbo, igeuze kuwa nyeusi-nyeupe. Inakubalika, na mara nyingi inapendeza.

Kompyuta inakokota

Kabla ya kufikiria kununua laptopu nyingine, tafuta ni hatua gani hasa inayokokota.

Kama ni kuingiza picha, angalia kisoma-kadi. Picha 2,400 za MB 30 ni GB 72. Kisomaji cha USB 2.0 husukuma kiasi cha MB 35 kwa sekunde, kwa hiyo utasubiri zaidi ya dakika 34. Kisomaji cha USB 3 chenye kadi ya kusoma MB 90 kwa sekunde kitamaliza kwa dakika 13 hadi 14.

Kama ni kuchambua, yaani kila ukibonyeza mshale unasubiri picha ionekane wazi, wakati wa kuingiza chagua Embedded & Sidecar kwenye Build Previews. Utachambua kwa kutazama JPEG za kamera, bila kungoja programu ijenge zake. Washa Caps Lock, kisha P kwa inayobaki na X kwa inayotupwa, na picha itasogea yenyewe. Chambua kwanza, hariri baadaye. Kuhariri picha ambayo utaitupa ni kutwanga maji kwenye kinu.

Kama ni Develop, slaida zinafuata mkono kwa kuchelewa, fanya haya kwa mpangilio huu. Kwanza jenga Smart Previews (nakala ndogo za kuhariria) za picha zilizobaki baada ya kuchambua, kisha Preferences, Performance, tiki ya kutumia Smart Previews badala ya faili halisi. Hizo zina upande mrefu wa pikseli 2,560 tu, na hata laptopu yenye RAM ya GB 8 hupumua. Kumbuka kuitoa tiki unapokagua chengachenga na ukali wa macho, maana kwenye Smart Preview huvioni sawasawa. Pili, kwenye dirisha lilelile panua Camera Raw Cache hadi GB 20 au zaidi, na iwe kwenye SSD. Tatu, katalogi yenyewe (faili linalotunza uhariri wako) ikae kwenye SSD ya ndani. Faili za RAW zinaweza kubaki kwenye diski ya nje, katalogi hapana. Nne, kwenye Catalog Settings zima uandishi wa moja kwa moja wa XMP (rekodi ya uhariri inayokaa pamoja na picha). Ukihitaji, chagua picha zote ubonyeze Ctrl+S mwisho wa kazi.

Kama diski inajaa bila sababu, mhusika mara nyingi ni folda inayoishia na Previews.lrdata. Prevyu za 1:1 (za ukubwa kamili) za harusi chache zinakula makumi ya gigabaiti. Kwenye Catalog Settings ziamuru zifutwe baada ya wiki moja badala ya siku 30.

Kuondoa chengachenga kwa Denoise ya akili bandia ni mzigo wa aina yake. Chuja picha za ISO 6400 kwenda juu peke yake, zianzishe usiku, uzime hali ya kompyuta kulala. Kwenye matoleo ya 2023 kila picha huzaa DNG (faili la RAW la muundo wa Adobe) mpya iliyo kubwa kuliko RAW yake, hivyo pima nafasi ya diski kabla.

Nimekata picha moja, zimekatika zote

Auto Sync imeachwa imewashwa. Kitufe cha Sync chini kulia kinasomeka Auto Sync, na swichi ndogo ya pembeni yake iko juu. Bonyeza Ctrl+Z mara moja, zote zitarudi, kisha izime swichi.

Dalili ya jirani: dosari uliyoifuta kwenye paji la uso la bibi harusi imeacha bandiko kwenye shavu lake katika picha inayofuata. Marekebisho ya madoa hunakiliwa kwa mahali pake kwenye fremu, wala hayamfuati mtu. Yanafaa kusinki kwa vumbi la sensa tu, kwani hilo halihami. Maski za Select Subject na za watu hutafutwa upya kwenye kila picha, na zinaweza kumshika MC badala ya bwana harusi. Baada ya kuzisinki pitia picha zote.

Picha za kamera mbili zimepishana mpangilio

Saa za kamera hazikulandanishwa. Tafuta tukio moja ambalo kamera zote mbili zimelinasa, kisu kinapogusa keki kwa mfano. Soma muda wa kamera A, tuseme 20:14:32. Chuja picha zote za kamera B kwa Metadata, zichague, fanya ile ya kisu iwe chanzo, nenda menyu ya Metadata, Edit Capture Time, andika 20:14:32. Nyingine zote zitasogea kwa tofauti hiyohiyo. Fanya hivi kabla ya kubadili majina ya faili, la sivyo namba zitafuata mpangilio mbovu.

Rangi za kamera mbili za kampuni tofauti hazitalingana kwa kunakili Kelvin, hata zote ziwe na 5,000. Hariri fungu la kamera A, hariri picha moja ya B iliyopigwa dakika ileile mpaka ngozi zilingane, kisha sambaza hiyo ndani ya B.

Alama ya mshangao, na katalogi isiyofunguka

Alama ya mshangao kwenye picha, au ya kuuliza kwenye folda, maana yake faili limehamishwa au kubadilishwa jina nje ya Lightroom. Uhariri wako upo salama ndani ya katalogi. Bofya kulia kwenye folda, Find Missing Folder, ielekeze ilipo sasa. Usiziingize upya kama picha mpya, utapata nakala mbili na moja haina uhariri.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, Lightroom inaweza kukataa kufungua ikidai katalogi inatumiwa na programu nyingine. Hakikisha kwenye Task Manager kwamba kweli haiendeshwi, kisha futa faili linaloishia .lrcat.lock. Faili linaloishia .lrcat-wal liache kabisa, lina mabadiliko yako ya mwisho ambayo hayajaingizwa kwenye katalogi.

RAW haisomeki kabisa

Programu ni kongwe kuliko kamera. Lightroom 6 ilipata sasisho lake la mwisho Desemba 2017, na CR3, muundo wa RAW wa Canon, ilianza na EOS M50 mwaka 2018, kwa hiyo hazitakutana. Pakua Adobe DNG Converter, ni ya bure, geuza folda nzima kuwa DNG, lakini RAW za asili zitunze.

Kwa wa darktable

Mtego wa rangi ni uleule: kabla ya kunakili, kwenye color calibration weka mwanga uwe custom, na white balance ibaki camera reference. Kama zote mbili zinarekebisha, utaona onyo jekundu. Nakili kwa Ctrl+Shift+C ili uchague moduli, usibebe na crop. Na faili za XMP zihame pamoja na RAW siku zote.

Zikitoka zinaonekana tofauti na kwenye skrini

Rangi zilizofifia kwenye simu ni dalili ya kutoa kwa Adobe RGB au ProPhoto RGB. Kwenye Export, Color Space iwe sRGB. Kwa simu na mitandao, upande mrefu pikseli 2,048, Quality 80, Sharpen For Screen. Kwa albamu, usipunguze ukubwa, Quality 90 hadi 100, na uliza mchapaji anataka profaili gani.

Kama picha zote zimetoka zimekoza giza kwa mteja tu, skrini yako ilikuwa na mwanga mwingi ulipokuwa ukihariri. Ishushe hadi nusu hivi, fanya kazi mbali na dirisha, na jaribu picha tano kwenye simu mbili tofauti kabla ya kutoa 800. Na ukituma kwa WhatsApp, zitume kama Document. Zikitumwa kama picha za kawaida zinapunguzwa ukubwa na kubanwa, kisha mteja atazipeleka hizohizo kuchapa kwenye karatasi kubwa.